Mafundo Sita

Nilikata kamba ya binti yangu kwa makasi ya kukatia kuku, Jumamosi moja saa tisa mchana, katika sebule yetu ya Louisville, mbele ya wanawake watano waliokuwa wamefunga macho. Mimi peke yangu nilikuwa na ruhusa ya kufungua macho, kwa sababu ya makasi. Niliangalia kamba. Uso wa mtoto sikuuangalia.

Watu wananiuliza kwa nini binti yangu anaishi Buffalo kwa mdogo wangu na mimi niko Columbus. Huwa najibu kwamba ni mambo ya shule. Ni kweli, ni mambo ya shule. Lakini huo ni mfuniko tu. Sufuria yenyewe sijawahi kuifunua mbele ya mtu.

Tulifika Amerika wawili. Baba yake alikufa kambini kwa homa ya siku nne. Dada zake wakubwa waliolewa huko huko, wakabaki na faili zao za ukimbizi. Mimi nikaja na kitinda mimba wangu, miaka kumi na miwili, na ule mfuko mweupe wa makaratasi ambao walituambia tusiuache hata tukienda chooni.

Aliyetupokea vizuri kuliko wote alikuwa mama mmoja wa kanisa letu, Mkongomani kama mimi, ananizidi miaka kumi hivi. Ndiye aliyeongoza maombi ya wanawake, na wote tulimwita mama mwombezi. Siku ya kwanza alikuja na bugali ya moto imefungwa ndani ya blanketi, na sombe, yale majani ya muhogo, na samaki wadogo aliokuwa amewaficha kwa ajili ya wageni. Alinifundisha kupanda basi. Alinionyesha namna ya kupepea taulo chini ya king'ora cha moshi unapokaanga. Niliposhikwa na mgongo, alinipikia wiki nzima. Nalisema hili mapema kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumkatalia. Mtu aliyekulisha, utamkatalia kwa mdomo gani?

Binti yangu shuleni alikuwa anaogopa vishindo. Mlango ukipigwa, anaruka. Siku za mazoezi ya kukimbia moto, king'ora kikilia, alikuwa anaingia chini ya meza na hatoki. Sikuyajua haya. Niliyajua baadaye sana, nikiwa nasoma karatasi. Wakati ule nilijua tu kwamba shule imeniita, na nikaomba ruhusa kazini, nikavaa kitenge changu kizuri, nikaenda.

Kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kizungu, mshauri wa wanafunzi, ana sweta kubwa na sauti ndogo. Alijaribu kumpigia mkalimani kwa simu. Simu ikalia, ikaimba muziki, ikakatika. Akajaribu tena. Muziki tena. Basi akamgeukia binti yangu, na binti yangu akawa mkalimani wa kesi yake mwenyewe.

Yule mama alisema maneno mengi, anaonyesha mikono yake, anapumua ndani, anapumua nje. Binti anatazama meza.

"Anasema nini?" nikauliza.

"Anasema niko muzuri."

"Maneno yote ile ni kusema uko muzuri tu?"

"Muzuri sana. Weka saini hapa, mama."

"Saini ya nini kama uko muzuri?"

"Mama. Amerika kila kitu ni saini."

Nikacheka, maana ni kweli. Nikaweka saini mahali patatu, herufi zangu zile za polepole. Yule mama akanishika mkono kwa mikono miwili, macho yamemlowa kidogo, na mimi nikafikiri: Wazungu wa hapa wana huruma, mtoto yuko vizuri na bado wanalia. Karatasi nikaitia ndani ya mfuko mweupe pamoja na zingine zote.

Kamba aliiona mama mwombezi kabla yangu. Ilikuwa kanisani, pasta anahubiri, na mimi nimekaa nasikiliza kwa moyo wote kama kawaida. Akaniinamia kutoka nyuma.

"Mama, mutoto yako iko anafanya nini na mikono?"

Nikatazama. Mikono ya binti yangu ilikuwa chini ya kitenge alichojifunika magoti. Kitenge kilikuwa kinacheza polepole, kama kuna panya ndani. Midomo yake pia inacheza. Inahesabu kitu.

Nyumbani nilingoja aingie kuoga, nikapapasa koti lake. Ilikuwa kamba ya bluu, laini, unene wa kidole kidogo, imefungwa duara. Na mafundo.

Bon. Mtu ambaye hakuzaliwa kwetu hataelewa kwa nini niliirudisha haraka kwenye koti. Kwetu kamba ya mafundo haikuwa mchezo. Akitaka mtu kumfunga msichana asiolewe, au mwanamke asizae, tunasema amemfungia kamba. Nilipokuwa msichana, majirani walichimba msingi wa jiko wakakuta kopo la maziwa, ndani yake kamba ya mkonge yenye mafundo. Mke wa nyumba ile alikuwa hajazaa miaka tisa. Wakaichoma. Akazaa mapacha. Niliwabeba mgongoni mimi mwenyewe wale mapacha. Sasa mtu akiniambia leo kwamba kamba ni kamba tu, mgongo wangu unakumbuka uzito wa wale watoto.

Nilipaswa kumuuliza binti yangu. Alikuwa anaimba bafuni, ukuta mmoja tu kati yetu. Sikuuliza. Nilimpigia simu mama mwombezi.

"Usiiguse tena," akasema. "Tufunge siku tatu. Jumamosi tunakuja."

"Labda ni kitu ya batoto tu, mama."

"Batoto banacheza na mupira. Huyu anahesabu. Unamuona vile anahesabu? Ile haiko kamba tu."

Tulifunga siku tatu, mimi na kazi yangu ya kukunja mashuka ya hoteli, natetemeka njaa mbele ya mashine ya mvuke. Sikumwambia binti. Kila asubuhi nilimuona anaweka mkono mfukoni kabla ya kufungua mlango, anapumua, anatoka. Niliona kabisa. Na nilichoona nikakiita kifungo.

Jumamosi walikuja wote watano na mafuta na Biblia. Mama mwombezi akamketisha binti yangu kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule. Alikuwa hajaelewa bado. Alifikiri ni maombi ya mtihani, maana walikuwa na mtihani wiki ile ya mbele. Mama mwombezi alikuwa ameichukua kamba kwenye koti la mtoto alipoingia; akaitoa mfukoni mwa gauni lake, akaiinua.

Mtoto akasimama. "Hiyo ni yangu."

"Kaa chini, binti."

"Ni ya masomo! Banipatia ku masomo! Mama, bambiye!"

"Na ku masomo Shetani hapiti?" akajibu mama mmoja kutoka kwenye kochi, na wengine wakasema amina.

Binti akanigeukia. Akaanza kueleza kwa Kiswahili, akakosa maneno, akaingia Kiingereza, na wakati ule Kiingereza changu kilikuwa cha "asante" na "naomba". Nilisikia neno "pumua". Nilisikia neno "mama" mara nyingi. Wanawake wakaanza kuomba kwa sauti juu ya sauti yake. Mama mwombezi akahesabu mafundo kwa kidole, moja, mbili, mpaka saba. "Saba!" akasema. "Munaona? Saba kamili." Halafu akanipa makasi yaliyokuwa juu ya sinki.

"Weye njo mama yake. Kata."

Wakafunga macho wote. Nilikata. Makasi ya kuku hayapendi kamba laini, yanateleza, inabidi kutafuna-tafuna. Kila nilipowaambia fundo limeanguka, walipiga makofi. Mtoto alinyamaza kwenye fundo la pili, na mimi nikafikiri ndiyo amani inashuka.

Tukatoka nje, kwenye lile jiko la kuchomea nyama nyuma ya apatimenti, tukamwaga mafuta ya kuwashia. Ile kamba haikuungua kama kitambaa. Ilijikunja, ikayeyuka, ikatoa moshi mweusi mzito wenye harufu ya kukaba koo. "Moshi ile!" wakapiga kelele. "Mungu wangu, angalia moshi ile! Iko inatoka!" Mama mmoja alianguka kwa magoti kwenye majani. Mimi nililia kwa shukrani.

Ilikuwa nailoni. Nailoni yote inatoa moshi mweusi. Nakunja na kupakia nailoni kila siku sasa, najua. Lakini mwaka ule wa 2015 niliondoka pale nimeona muujiza.

Nilichopata baada ya muujiza ni hiki. Binti yangu alianza kula ngozi kando ya kucha zake, mpaka damu. Kisha nyusi. Alizing'oa moja moja, mpaka asubuhi moja akaja kwenye chai na uso kama wa samaki. Shule ilipiga simu mara tatu, na binti alikuwa ananiambia wamepiga kwa sababu ya basi. Kiswahili alikiacha pale pale kwenye kiti cha plastiki. Nikimuuliza swali ananijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, maneno machache, kama mtu wa ofisini. Nikamwambia mama mwombezi. Akasema pepo akitoka anarudi na wenzake, tufunge tena. Nikafunga tena.

Mwaka uliofuata tulihamia Columbus, upande wa Reynoldsburg. Niliwaambia watu ni kazi, kwamba kuna depo kubwa zinatafuta watu. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimechoka kuombewa. Sikuwa na ujasiri wa kusema hivyo, nikasema kazi.

Kwenye depo napakia nguo za michezo. Ukitaka kupanda kutoka kupakia mpaka kukagua, lazima usome Kiingereza na hesabu, kwa hiyo nikaanza masomo ya jioni kwenye jengo la kanisa moja la Wazungu, Jumanne na Alhamisi. Mimi niliacha shule darasa la sita. Nilikuwa na miaka arobaini na mbili, nimekaa kwenye kiti cha watoto wa shule ya Jumapili, magoti yanagusa kidevu.

Juu ya kila meza mwalimu wetu alikuwa anaweka kikapu kidogo. Ndani yake mlikuwa na vitu vya ajabu ajabu. Mpira laini wa kubinya, ukubwa wa limau. Vibanio vya nguo. Kipande cha zulia chenye manyoya. Mnyororo wa plastiki wa kupindapinda. Siku ya kwanza nilifikiri ni takataka za watoto wamesahau. Lakini hesabu za sehemu zilinitoa jasho, namba juu ya namba, na mkono wangu ukaenda wenyewe ukachukua mpira. Nikaubinya. Niliubinya mwezi mzima. Nilikuwa nafika mapema ili nisikute mtu ameuchukua. Mtihani wa kwanza nilipita na mpira mkononi.

Siku moja mpira ulipasuka, unga ukamwagika juu ya daftari langu. Nikaona aibu, nikamwendea dada mmoja Mkenya aliyekuwa anakuja kumsaidia mwalimu. Alikuwa amekuja Amerika kusoma chuo, anafanya kazi hospitali, mchangamfu, hawezi kumaliza sentensi bila kucheka.

"Dada, nimeharibu mpira ya watoto."

"Watoto gani, mama? Hiyo ni yenu!"

"Yetu ya nini?"

"Ya kubinya, si umekuwa ukibinya? Inasaidia mtu akiwa na wasiwasi. Mikono ikipata kazi, akili inatulia, inasikiza. Hata mashuleni wanapea watoto. Wale wametoka vitani, wale hawawezi kukaa, wanapewa kitu ya kushika. Wengine mpira, wengine kamba..."

"Kamba?"

"Eeh, ya mafundo. Unashika fundo, unapumua. Unashika lingine, unapumua. Mama, uko sawa? Keti. Wacha nikuletee maji."

Nilikunywa yale maji. Nilimaliza hesabu zilizobaki. Nilirudi nyumbani nikatoa mfuko mweupe kabatini, nikatandaza makaratasi kitandani, nikatafuta ile yenye saini zangu tatu. Nilikuwa nasoma polepole, kidole chini ya kila neno, kamusi kwenye simu. Ilinichukua siku mbili, kabla ya kazi na baada ya kazi.

Ilikuwa imeandikwa kwamba mwanafunzi anashikwa na woga mkubwa akisikia sauti za ghafla. Kwamba amekubali kueleza baadhi ya mambo aliyoyaona. Kwamba ametengeneza mwenyewe, pamoja na mshauri, kamba ya kushika, na kila fundo amelifunga mwenyewe kwa ajili ya kitu kimoja anachotaka kukikumbuka bila kuogopa. Kwamba ana ruhusa kuishika darasani na wakati wa mtihani. Kwamba mzazi ameelezwa na amekubali. Na chini, jina langu, herufi za polepole, mara tatu.

Kwamba fundo moja lilikuwa la baba yake, hilo halikuandikwa. Hilo nilijiambia mwenyewe, na sijui kama ni kweli. Labda nililikata la kwanza.

Nilimsubiri atoke shule. Nilikuwa nimeishika karatasi. Aliingia, akaiona, akaijua hata kabla hajavua mfuko wa madaftari.

"Juu ya nini hukunieleza?" nikamuuliza.

Akanijibu kwa Kiingereza, na mara hii nilikielewa chote, na nilitamani nisingekuwa nimejifunza. Alisema: "Nilikueleza. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti na nilikueleza."

Nikaomba msamaha. Nilipiga magoti, kabisa, kwenye zulia. Akaniinua kwa kiwiko, kwa adabu, kama unavyomwinua bibi wa mtu mwingine barabarani. "Ni sawa," akasema. Akaingia chumbani. Mikono yake alikuwa ameivuta ndani ya mikono ya sweta, kama alivyokuwa anafanya siku zote tangu Louisville, ili nisiione.

Tangu siku ile nilitaka kitu kimoja tu duniani, nacho si kikubwa. Nilitaka anifungulie mkono. Anionyeshe ameshika nini.

Halafu ukaja mwaka 2017, na zile spina. Nani hakuziona? Kitu cha mbawa tatu unakiweka juu ya kidole kinazunguka, kinalia kama nyuki. Ziliuzwa hata kituo cha mafuta, karibu na viberiti. Watoto wote wa kanisa letu la Columbus walikuwa nazo. Mahubiri yanaendelea, unasikia nyuki huku, nyuki kule. Mtoto wa mzee wa kanisa alikuwa na ya kuwaka taa. Hakuna aliyefunga hata siku moja. Mama mmoja alimnyang'anya mwanaye, akaijaribu, akaendelea kuizungusha yeye mpaka sadaka.

Ndipo mama mwombezi akanitumia video kwenye simu kutoka Louisville. Mjukuu wake wa kike, miaka minne, ana spina ya waridi juu ya dole gumba, na bibi yake nyuma anacheka, "Zungusha, mama, zungusha!" Aliniandikia chini yake: ona mjukuu wetu anavyokua.

Nilitazama mara tatu. Nikampigia.

"Mama, Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina, amina! Umeona ule mutoto? Ni mujanja!"

"Nimeona. Ile kitu anazungusha ni nini?"

"Ah, ni vitu vya batoto. Eti inabatuliza. Bon, kweli inamutuliza, anakula sasa bila kulia."

"Inamutuliza."

"Sana."

"Na ile kamba ya mutoto yangu?"

Nilisikia televisheni yake nyuma.

"Ile ilikuwa na mafundo," akasema.

"Ilikuwa ya kumutuliza. Nimesoma karatasi. Niliweka saini mimi mwenyewe."

"Mama, mambo ile imepita. Tulifanya kwa upendo."

"Mutoto hasemi na mimi."

"Basi tumuombee."

"Hapana. Tulimuombea. Minataka useme tulikosa. Weye na miye. Useme tu."

Alivuta pumzi ndefu. Nilifikiri anatafuta neno. Kumbe alikuwa nalo tayari.

"Miye sikukata kitu, mama," akasema taratibu. "Weye njo ulikata."

Na ni kweli. Mara nyingine najibu mbele ya sinki, naosha vyombo, namjibu vizuri sana. Lakini siku ile nilisema "haya, mama, ubaki na amani," nikakata simu. Tangu hapo ananitumia mistari ya Biblia kila Jumatatu. Ninaisoma. Mistari haina kosa.

Mungu sijamuacha. Watu wakisikia hadithi kama hii wanafikiri mtu ameacha. Kila Jumapili niko kanisani, kwenye benchi ya tatu, na mfungo wa Ijumaa nashika mpaka leo. Kitu kimoja tu nimebadilisha, sifungi macho tena nikiomba. Mama mmoja aliniuliza kwa nini nawatazama watu kwenye maombi. Nikamwambia nilishawahi kufunga, inatosha.

Mwaka huo huo, shule zilipofungwa, binti aliomba kwenda Buffalo kwa mdogo wangu, wiki mbili. Wiki mbili zikawa mwezi, mwezi ukawa kumwandikisha shule. Alikuwa na miaka kumi na sita. Mdogo wangu, ambaye huniita yaya kama tunavyomwita dada mkubwa, ndiye aliyeniambia kwa simu, anatafuta maneno, "Yaya, anasema hapa iko napumua." Niliweka saini ya uhamisho. Hiyo niliisoma yote kwanza, mistari yote, hata ile midogo ya chini.

Mwezi wa kumi na moja nilipata likizo ya siku tatu. Kabla ya kwenda nilinunua kamba ya bluu kwenye duka la vitambaa, laini, unene wa kidole kidogo. Wakati wa mapumziko kazini nilikaa kwenye benchi karibu na makabati, nikafunga mafundo. Nilifunga, nikafungua, nikafunga, mpaka nafasi zikalingana. Saba. Wenzangu waliuliza ni ya nini, nikawaambia ni ya mtoto wangu, anaitumia kusoma. Nililisema kwa kiburi kidogo. Ilinipendeza kulisema.

Basi lilifika Buffalo mchana, theluji imeshaanza, ile ya kwenda kando kando, si ya kushuka. Mdogo wangu alinipokea mlangoni na unga mikononi. Binti yangu alikuwa mezani. Nyusi zake zilikuwa zimerudi. Nilisimama na koti langu la theluji, natazama nyusi tu.

Mbele yake kulikuwa na daftari limefunguliwa, na kando ya daftari sinia la maharagi. Anasoma mstari, mkono wa kushoto unachagua maharagi: mazima huku, mabovu na mawe kule. Anaandika jibu, anarudi kwenye maharagi. Hatazami hata.

"Unamupa kazi wakati ya masomo?" nikamnong'oneza mdogo wangu jikoni.

"Kazi gani, yaya? Ile maharagi ni ya duka, ni safi tangu jana. Anayachagua tu. Tukimaliza ninayachanganya tena." Akacheka. "Weye umesahau? Kwetu nani alikaa mikono bure? Mama alikuwa anachambua sombe akilia musiba. Mimi kanisani nilifuma vitambaa vya meza vyote vile. Hakuna mutu alisema pepo."

Sikuwa nimesahau. Ndiyo ubaya wake. Mimi pia nilifuma, kwenye mazoezi ya kwaya, sindano na uzi, na mama yetu mwenyewe alikuwa ananihesabia mafundo.

Baada ya chakula nilitoa kamba. Nilikuwa nimeikunja ndani ya leso safi. Nikaiweka mbele yake, karibu na sinia.

"Nimekutengenezea," nikasema. "Kama ile."

Akaitazama kwanza bila kuigusa. Kisha akaichukua, akaipitisha kwenye vidole, fundo moja baada ya lingine, na midomo yake ikacheza, kama kanisani. Nilifurahi, nisiseme uongo. Alifika mwisho. Akarudia. Akaniangalia usoni, na akasema kwa Kiswahili, miaka miwili sijasikia Kiswahili chake:

"Ilikuwa sita, mama."

"Sita?"

"Mafundo ilikuwa sita. Ile ya saba ni pale niliunganisha kamba, ili isifunguke. Yule mama alihesabu vibaya."

Mdogo wangu aliacha kuosha sahani. Ningeweza kusema sikujua. Ningeweza kusema alihesabu yeye. Lakini mimi ndiye niliyekuwa na macho wazi siku ile, na makasi, na mafundo yote yalipita chini ya vidole vyangu moja moja, na sikuhesabu.

"Asante," akasema. Akaiweka kamba juu ya meza, upande wangu kidogo kuliko upande wake, akavuta sinia la maharagi karibu. Alipoinuka kwenda kulala alitia mkono wa kulia mfukoni mwa sweta, akashika kitu huko ndani, niliona kitambaa kinavyovimba juu ya ngumi. Sikuuliza ni nini. Alisubiri kidogo pale mlangoni, kama anayengoja kuona kama nitauliza. Kisha akaenda.

Nilirudi Columbus na mfuko mtupu. Kamba niliiacha pale mezani, nikifikiri labda, pole pole, mimi nisipokuwepo.

Mwezi wa pili niliongea na mdogo wangu, na nikajitahidi kulitupia swali katikati ya mambo mengine, kama halina uzito.

"Ile kamba, anaitumia?"

"Kamba gani? Ah." Akasita. "Yaya, nisikuongopee. Ilikaa pale wiki mingi. Kisha mufuko ya mchele ilipasuka, ile kubwa. Nikafungia. Nilimuuliza kwanza, akasema haina shida."

Nikamwambia ni sawa, mchele usimwagike. Nikamuuliza kama inakaza vizuri.

"Inakaza sana," akasema. "Una mikono ya nguvu."